Faini na gharama za mahakama North Carolina: nani anagawiwa nini? Nauliza kwa ajili ya kikoba chetu

MwekaHazina_Kimanga aliandika (Jumatano, saa 3:40 usiku):

Habari za jioni wadau. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba huku Tabata Kimanga. Tuko wanawake 28, tunakutana kila Jumapili saa kumi jioni barazani kwa mwenyekiti. Swali langu linahusu mahakama za Marekani, ila naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana lilipoanzia ni kwenye sanduku letu la kufuli tatu.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuja likizo kutoka Charlotte, jimbo la North Carolina. Siku moja alikuwa anapanga hati zake mezani kwangu, nikaona karatasi ya mahakama ya mwaka 2019. Alikamatwa kwa mwendo kasi. Hakubisha, alikosea, akalipa. Lakini kabla ya kulipa alimwomba karani amchapie mchanganuo, maana alikuwa haelewi mbona faini ndogo na bili kubwa. Nimeunakili kwenye daftari langu.

Faini yenyewe dola 30. Gharama za mahakama dola 188. Hizo 188 zimekatwa hivi: dola 147.50 ada ya uendeshaji wa mahakama za jimbo, dola 12 ada ya majengo, dola 4 mawasiliano na kompyuta, dola 7.50 pensheni na bima ya askari. Dola 2 mafunzo ya askari. Dola 5 ya askari kukamata au kupeleka wito. Na dola 10 inayoongezwa kwa makosa ya sheria ya magari. Nimejumlisha mara mbili, hesabu inafunga. Ukiweka na faini unapata dola 218. Mwaka ule dola ilikuwa kama shilingi 2,300, kwa hiyo ni laki tano na kidogo.

Hapa kwetu trafiki akikuandikia kosa ni shilingi 30,000, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, basi. Hakuna anayekuonyesha elfu tano ya nani na elfu kumi ya nani.

Sasa sanduku letu. Tuna faini za nidhamu: kuchelewa 1,000, simu kuita kikaoni 500, kutokuja bila taarifa 5,000. Mwaka jana tulikubaliana kwamba katika kila 1,000 ya faini, 300 apewe mtunza nidhamu kama nauli, maana anatoka Kinyerezi. Ilionekana ni jambo la huruma na mimi mwenyewe ndiye niliyeliunga mkono wa kwanza. Miezi minne baadaye naangalia daftari: faini zilizokuwa 11,000 kwa mwezi zimefika 46,000.

Jumapili moja mwanachama wetu anayeuza maandazi alifika saa kumi na dakika mbili. Dakika mbili, kwa saa ya simu ya mtunza nidhamu, maana barazani hakuna saa nyingine. Alikuja mbio na sinia tupu kichwani, vidole bado vina unga umekaukia kwenye kucha. Akaambiwa elfu moja. Akafungua pindo la kanga akatoa sarafu za mia mia, akanihesabia kumi mkononi, hakusema neno. Mimi ndiye niliyezipokea, na mimi ndiye niliyekata 300 nikampa yule mwenzetu. Toka siku hiyo sina raha.

Jumapili hii tunapitia katiba ya kikundi. Nataka nikasimame nikiwa na hoja, si machozi. Kwa hiyo naomba mwenye kujua: kule North Carolina hizo pesa nani anazigawa na kwa amri ya nani? Hakimu anapata chochote? Askari aliyemkamata mwanangu anapata? Na kwa nini faini iwe 30 halafu gharama ziwe 188?

---

Bodaboda_Mzoefu alijibu:

Dada, serikali ni serikali tu. Iwe Marekani iwe Bongo, pesa ikishaingia imeingia. Kikoba na mahakama ni vitu viwili tofauti, msipelekane mbali.

---

MkalimaniKigamboni alijibu:

Dada mweka hazina, swali lako halijaenda mbali hata kidogo. Limefika palepale ambapo watu wa sheria kule wamegombana miaka mia moja.

Kuanzia 2014 mpaka 2020 nilikuwa mkalimani wa Kiswahili mahakamani, North Carolina. Jimbo lile lina Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, na mahakama inapokuwa na mtu asiyejua Kiingereza lazima iite mkalimani na imlipe. Sasa niko Kigamboni. Karatasi kama hiyo ya mwanao nimezisoma kwa sauti mamia ya mara, naweza kukupitisha mstari kwa mstari.

Anza na zile dola 30. Faini haiendi mahakamani wala polisi. Katiba ya North Carolina, ibara ya 9 kifungu cha 7, inasema mapato halisi ya faini na adhabu za fedha yabaki kwenye kaunti yalikokusanywa na yatumike kwa shule za umma peke yake. Kinachoruhusiwa kukatwa ni gharama ya kuzikusanya, na hiyo isizidi asilimia 10. Kaunti ikiwa na mamlaka za shule zaidi ya moja, wanagawana kwa hesabu ya wanafunzi. Kwa hiyo mwanao alilipia chaki na madawati ya watoto wa kaunti ile. Askari aliyemsimamisha hakupata hata senti katika hiyo thelathini, na wala mkuu wake.

Zile 147.50 zinakwenda Raleigh, makao makuu ya jimbo, karibu zote kwenye mfuko mkuu wa serikali ya jimbo. Huko zinachanganyika na kodi, halafu Bunge la jimbo ndilo linalopanga bajeti ya mahakama. Hakimu analipwa mshahara uleule akihukumu watu kumi au asihukumu hata mmoja.

Dola 12 za majengo zinabaki chini: zinaenda kwa kaunti au mji unaotoa jengo la mahakama, maana kule jimbo linalipa mahakimu na makarani, lakini paa, viti na vyumba ni mzigo wa kaunti. Dola 4 ni za mfuko wa teknolojia wa mahakama. Zile 7.50 na 2 ni za pensheni na mafunzo ya askari wa jimbo zima, si za askari fulani. Dola 5 inaenda kwa kaunti au mji ambao askari wake alifanya kazi ya kukamata. Hapo ndipo karibu kabisa na yule mwenzenu wa Kinyerezi, lakini hata hiyo inaingia kwenye kasha la mji, haiingii mfukoni mwa mtu.

Viwango hivi viko ndani ya sheria iliyotungwa na Bunge la jimbo na ni sawa kwa kaunti zote 100. Hakimu hawezi kuongeza dola moja ya gharama kwa sababu kaunti yake ina shida.

Haikuwa hivi zamani, na hapa ndipo naomba utulie usome. Kabla ya mageuzi ya miaka ya 1960, kesi ndogo ndogo North Carolina zilisikilizwa na watu walioitwa majaji wa amani. Hawakuwa na mshahara. Walikula kwenye ada za kesi. Ukimhukumu mshtakiwa, yeye analipa gharama na wewe unapata chako. Ukimwachia, unarudi nyumbani mikono mitupu. Na mahakama za kila mji zilikuwa na bei yake. Watu walichoka. Novemba 1962 wananchi walipiga kura kubadilisha katiba, mahakama zote zikawa chini ya mfumo mmoja wa jimbo, na kufika 1970 kaunti zote zilikuwa zimeingia. Utaratibu wa kulipana kwa ada ukafa. Huo mchanganuo uliounakili kwenye daftari ni mtoto wa mageuzi yale.

---

Wakili_Mtarajiwa alijibu:

Kaka Mkalimani, nakuheshimu, ila mbona unaipamba sana? Mimi niko mwaka wa nne sheria na tumefundishwa habari ya Ferguson. Marekani hiyohiyo.

---

MkalimaniKigamboni alijibu:

Sijaipamba mdogo wangu, nilikuwa naongelea jimbo moja tu. Nchi ile ina majimbo 50 na kila moja lina mgawo wake. Umetaja Ferguson, tuiseme.

Ferguson ni mji mdogo jimbo la Missouri. Agosti 2014 polisi alimpiga risasi kijana Michael Brown akafa, Wizara ya Sheria ya Marekani ikaenda kuchunguza, ikatoa ripoti Machi 2015. Kwenye bajeti ya mji ya mwaka wa fedha 2015 walipanga kukusanya dola milioni 3.09 za faini na ada, katika mapato ya mfuko mkuu yasiyofika milioni 13.3. Karibu robo ya bajeti ya mji inategemea watu kukosea! Ripoti ilionyesha viongozi wakiwahimiza polisi na mahakama waongeze makusanyo. Wananchi, na wengi wao Weusi, wakawa wanaandikiwa makosa kwa mafungu.

Ohio ni mfano wa zamani zaidi, na dada mweka hazina huu ndio uubebe Jumapili. Kulikuwa na kijiji kinaitwa North College Hill. Enzi za marufuku ya pombe, meya wa kijiji ndiye aliyekuwa hakimu wa kesi za pombe. Bwana mmoja, Tumey, akaletwa mbele yake. Meya akamtia hatiani, akamtoza faini dola 100, na juu yake gharama, ambazo dola 12 zilikuwa za meya mwenyewe kwa kazi ya kuhukumu. Angemwachia, asingepata hizo 12. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1927 Jaji Mkuu Taft aliandika hukumu kwamba mtu hawezi kuhukumiwa na hakimu mwenye maslahi ya fedha katika kumtia hatiani. Hawakusema meya yule ni mwizi. Walitazama utaratibu wenyewe, kwamba ungeweza kumshawishi mtu wa kawaida aikose mizani.

Na usidhani ikaishia 1927. Kule New Orleans, jimbo la Louisiana, kila dhamana iliyopitia kampuni za dhamana ilikatwa, na asilimia 1.8 ya kiasi cha dhamana ikawa inaingia kwenye mfuko wa matumizi ya mahakama, mfuko ambao majaji wenyewe ndio wanaousimamia. Hakimu anayepanga kiwango cha dhamana anajua kikiwa kikubwa mfuko wao unanona. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema hapana, hiyo inavunja haki ya mshtakiwa. Haikuwa hata pesa ya mfukoni kwake, ilikuwa ya wino na mishahara ya wasaidizi.

Texas wana mtindo mwingine. Tangu Januari 2020, kosa dogo lisilo na kifungo lina gharama ya jimbo dola 62 na ya mahali dola 14. Kaunti au mji unakusanya, kila robo mwaka unapeleka fungu la jimbo Austin, makao makuu ya jimbo, kwa mdhibiti wa fedha, na huyo mdhibiti analigawa kwa asilimia zilizoandikwa kwenye sheria: fidia kwa watu waliotendewa uhalifu, mafunzo ya mahakimu na watumishi, na mafungu mengine. Aliyekusanya akiwahisha anaruhusiwa kubaki na asilimia 10. Dada, ile 300 yako ni asilimia 30.

Hata North Carolina kuna kinachoniuma mpaka leo. Sitaji mji. Nilimtafsiria mama mmoja Mkongo, anafanya kazi kiwanda cha kuku, kosa la gari. Alisimama pale mikono ameifumbata kwenye mkoba, vidole vimevimba kwa baridi ya kiwandani. Hakimu alikuwa mtu mwema. Akasema anaahirisha kutoa adhabu, hatamwekea faini, ila alipe gharama za mahakama. Nikatafsiri. Yule mama akanigeukia mimi, si hakimu, akauliza: "Kama amenisamehe, hiyo ninayolipa ni ya nini?"

Ikabidi nimtafsirie hakimu swali hilo. Hakimu akakaa kimya kidogo, akasema gharama si adhabu, ni sheria. Nilimrudishia yule mama maneno hayo kwa Kiswahili na nilijisikia nasema kitu kisicho na tumbo.

Maana msamaha wa gharama upo, hakimu anaweza kusamehe akiandika sababu. Lakini kuanzia Desemba 2017 sheria ilitaka kila taasisi inayogawiwa fungu katika pesa hizo ipewe taarifa siku 15 kabla, ili ikitaka ije kujieleza. Hebu fikiria: watu wa majengo, watu wa pensheni, watu wa kompyuta, wote wapewe taarifa kwamba kuna mama hana dola mia na themanini. Kadiri mafungu yanavyokuwa mengi ndivyo mkono wa hakimu unavyozidi kuwa mzito. Na usipolipa ndani ya siku 40, inaongezwa dola 50, na taarifa inaenda kwa wanaotoa leseni, leseni inafungwa. Kiwanda kiko maili ishirini na hakuna daladala.

Kwa hiyo mdogo wangu Wakili, mgawo unaweza kuwa msafi kwenye karatasi, hakuna hakimu anayekula, na bado ukamkaba mtu maskini kwa sababu vinywa vinavyoisubiri ile pesa ni vingi.

---

Wakili_Mtarajiwa alijibu:

Nimekuelewa kaka. Niongeze tu kwamba mwaka 1983, kesi ya Bearden dhidi ya jimbo la Georgia, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema huwezi kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa faini bila kwanza kuuliza kama kweli alikuwa na uwezo akakataa, au hana kabisa. Nadhani hili nalo lina nafasi kwenye kikoba.

---

KaraniMstaafu alijibu:

Marahaba mwanangu mweka hazina. Nimesoma yote, nikaona nami niseme la huku nyumbani, maana nimekaa dirishani mahakama za mwanzo za Dar es Salaam miaka mingi mpaka nikastaafu.

Kwanza tutenganishe maneno. Watu wanayachanganya ndiyo maana wanagombana makorido. Kuna *faini*, hiyo ni adhabu. Kuna *ada*, hiyo unalipa unapofungua shauri, kama mirathi au madai. Na kuna *fidia*, hiyo mahakama inaweza kuamuru mkosaji amlipe aliyeumizwa. Fidia haina uhusiano na serikali, ni ya yule mtu. Mara nyingi nilimwona mama aliyepigwa amekuja dirishani akidhani faini aliyolipa mume wake itagawanywa apate kidogo. Nikamwambia mama, hii inaenda Hazina. Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyemnyima. Wachache sana walijua kwamba wangeweza kuomba fidia mbele ya hakimu, na hadi leo ninawaambia vijana wa kazi wawaeleze watu kabla kesi haijafika mwisho.

Katiba yetu, ibara ya 135, inataka fedha zinazopatikana kwa matumizi ya Serikali ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa zile ambazo sheria imezielekeza kwingine. Mahakama nayo inapewa fungu lake na Bunge. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 ilianzisha Mfuko wa Mahakama ili Mhimili uwe na kapu lake la kuendeshea kazi, lakini hakimu hapimwi wala halipwi kwa faini alizotoza.

Zamani nilikuwa napokea noti mkononi. Kitabu cha stakabadhi, karatasi ya kaboni katikati, unabonyeza kalamu mpaka kidole kinakuwa na shimo. Jioni unafunga hesabu, hakimu anaweka sahihi, kesho asubuhi benki. Usiku ule pesa ikilala kwenye kabati, mimi silali. Tangu mfumo wa malipo ya serikali kwa namba maalumu ulipoanza mwaka 2017 na kusambaa, karani hagusi pesa. Mtu anapewa namba, analipa kwa simu au benki, mimi naona tu kwamba imeingia. Wapo waliolalamika kwamba bibi wa kijijini hajui simu, na ni kweli wanahitaji msaada. Lakini kwa mtu aliyekaa dirishani, ule mfumo uliniondolea mzigo ambao mke wangu anaujua.

Nakuambia hili kwa sababu ya zile sarafu kumi za mama wa maandazi. Ulipozipokea na hapohapo ukakata 300 mbele yake, mwanangu, umefanya kazi tatu kwa mkono mmoja: kukusanya, kugawa na kulipa. Hata uwe mwaminifu kama dhahabu, aliyelipa anaona sarafu zake zinahama kutoka kiganja hadi kiganja. Mtenganishe. Faini iingie sandukuni nzima, iandikwe nzima, isomwe nzima. Nauli ya mtu itoke kwingine, na itoke hata siku ambayo hakuna aliyechelewa.

---

Bodaboda_Mzoefu alijibu:

Narudi kuomba radhi kwa jibu langu la mwanzo. Nilijibu haraka nikiwa kijiweni. Na sisi kwenye chama chetu cha kijiwe anayetoza faini ya kupanga foleni vibaya anabaki na nusu, na kila siku ni ngumi. Mzee Karani umenifungua.

---

MwekaHazina_Kimanga alijibu (Jumatatu, saa 12:15 asubuhi):

Shikamoo mzee Karani, na asanteni wote. Jana tumekaa kuanzia saa kumi mpaka adhana ya magharibi.

Nilisimama nikawasomea daftari kwanza, mwezi kwa mwezi, bila kutaja jina la mtu. Halafu nikasimulia habari ya meya wa Ohio na dola zake 12. Nilisema kama alivyosema kaka Mkalimani, kwamba hawakumwita mwizi. Niliona yule mwenzetu wa Kinyerezi ameinamisha kichwa. Baadaye akaomba kusema. Akasema yeye hakuwahi kukaa akapanga kuonea mtu, lakini ni kweli kwamba siku hizi akitoka nyumbani anaanza kuhesabu nani atachelewa, na kwamba zamani alikuwa hahesabu. Alilia. Hakuna aliyemzomea, tulimpa maji.

Tumebadilisha hivi. Faini zote zinaingia mfuko wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa, nzima nzima bila kukatwa. Nauli ya mtunza nidhamu kila mwanachama anachangia 200 kwa kikao, faini iwepo isiwepo. Ni 5,600 kila Jumapili, inamtosha kwenda na kurudi na inabaki. Anayeandika faini si mimi tena ni katibu, mimi napokea tu, na mwenye ufunguo wa pili anahesabu mbele ya watu. Na mtu akisema hana uwezo, anaulizwa kwanza kabla ya kuandikiwa deni. Hilo la Bearden, mdogo wangu Wakili, lilipita kwa kura 19.

Mwenyekiti ameagiza saa ya ukutani, nitaifuata Kariakoo kesho.

Tulichoshindwa kumaliza ni faini za nyuma. Wengine wanasema yaliyopita si ndwele. Mama wa maandazi hakusema kitu tena, alikaa tu na sinia lake miguuni. Mimi nimesema siwezi kufunga hesabu ya mwaka na zile 300 zikiwa humo bila kujua zimetoka kwa nani. Nimeomba wiki moja. Jana usiku nimeanza kujumlisha jina kwa jina kutoka mwezi wa kwanza wa utaratibu ule, nimefika jina la kumi na moja.